Fundo la Kwanza

Wateja wake walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakusingiziwa. Ukienda kuchukua sketi yako Jumanne, atakuambia kesho. Ukirudi Jumatano, atainua uso kutoka kwenye cherehani akutazame kwa mshangao, kana kwamba wewe ndiye uliyekosea siku. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakuliahirisha hata mara moja. Kila mwaka, siku aliyouawa mama yake, alifunga duka saa sita mchana, akasogeza mkasi na chaki pembeni mwa meza ya kukatia vitambaa, akaandika barua kwa wakuu wa upelelezi. Barua ilikuwa fupi: naomba gunia lipimwe upya kwa vipimo vya kisasa.

Barua tatu za kwanza zilikwenda kama mawe kisimani, tena kisima kisicho na maji, maana hata chubwi hakusikia. Ya nne ilijibiwa na mkemia mmoja wa maabara ya vinasaba, kwa mwandiko wake mwenyewe: Njoo tuzungumze. Uje na kitambulisho, na uje umekula, huku kwetu kusubiri ni kwingi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka ishirini na sita nyuma, Fundi akiwa mtoto wa miaka tisa, mama yake alikuwa mchambuaji katika ghala la nafaka. Asubuhi moja alitoka kwenda kazini amevaa gauni la buluu, asirudi. Siku ya tatu, watu waliokwenda kuokota matofali kwenye tanuri lililoachwa walikuta gunia limesukumwa ndani kabisa, mdomo wake umeshonwa kwa mkono, kwa sindano nene na uzi mnene. Daktari alilipasua ubavuni ili amtoe marehemu. Mdomo akauacha umeshonwa vile vile.

Baba yake Fundi alikuwa fundi viatu. Basi ikawa hivyo tu. Mwendesha mashtaka alilinyanyua gunia mahakamani akauliza, "Mshono wa mkono, uzi mnene. Mtaani kwenu nani hushona hivi?" na watu wote wakageuka kumtazama mtu mmoja. Msimamizi wa ghala naye akaja na lake. Huyu alikuwa bwana aliyependa kusimama kando ya mzani mkubwa, tumbo mbele mikono nyuma, hata wafanyakazi wakampa jina la Mizani. Aliapa kwamba jioni ile aliwasikia mume na mke wakigombana getini. Ikatosha. Kifungo cha maisha.

Mtoto akachukuliwa na mama mdogo, mdogo wake marehemu, mwalimu aliyemlea kwa fimbo na kwa mapenzi, yote mawili bila ubahili. Ila jina la shemeji yake halikutajwa ndani ya nyumba ile. Picha ya harusi ya dada yake ilikuwa ukutani, nusu. Nusu ya bwana harusi ilikwisha kukatwa na mkasi.

Baada ya miaka kumi na mitano baba akatoka kwa msamaha wa wafungwa wenye mwenendo mwema.

"Msamaha," alizoea kusema, akilitafuna neno kama mtu aliyekuta mchanga kwenye chakula. "Husamehewa aliyekosa."

Fundi alimpa chumba cha nyuma ya duka lake. Viatu alivipokea yeye mbele, baba akavishona nyuma, maana walikuwapo wasiotaka kuvaa kiatu kilichoshikwa na muuaji. Mama mdogo alipokuja kumwona Fundi, binti aliyemlea, alikohoa mara mbili akiwa bado nje, na kikohozi hicho kilikuwa amri: baba aliweka nyundo chini akatoka kwa mlango wa uani. Miaka kumi na mmoja walipishana namna hiyo bila kuonana uso kwa uso.

Basi Fundi akaenda maabara, amekula.

Mkemia alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alimpitisha mbele ya vyumba vya vioo ambamo mashine zilinguruma kwa upole.

"Ile pale ya kona ndiye kitinda mimba wangu," akasema. "Anakula umeme kama hana akili nzuri, lakini ukimpa tone la jasho lisiloonekana kwa macho, atakuambia ni la nani. Zamani tulihitaji damu ya kujaza kijiko. Siku hizi hata alama ya ulimi inatosha."

"Shikamoo, mama. Na gunia langu limesema nini?"

"Marahaba. Keti kwanza." Mkemia akaketi naye. "Mwanangu, sitakudanganya. Tumelipima mahali saba. Watu tumewapata, lakini tumewapata wengi mno. Wapakiaji, wabebaji, askari, karani wa mahakama aliyelishika kwa mikono mitupu. Ni kama kusimama katikati ya soko, kila mtu anapiga kelele. Huwezi kujua nani kasema nini. Nimekuita ili nikuambie haya mwenyewe, usiyapate kwa barua."

Fundi akasema, "Naomba niuone mdomo."

"Mdomo wa nani?"

"Wa gunia."

Mkemia akafungua picha kwenye kioo cha kompyuta, akaikuza mpaka kila mshono ukawa mnene kama kidole. Fundi hakuwahi kuuona. Wakati wa kesi alikuwa mtoto, amefungiwa kwa mama mdogo na daftari la hesabu. Akajisogeza karibu, na ashukuriwe aliyempa kazi yake, kwa sababu macho ya fundi yalitangulia kuona kabla ya macho ya mtoto.

"Mshono umeanzia kushoto," akasema taratibu. "Tazama unavyolala. Na uzi umekunjwa, umekwenda mara mbili. Baba hakushona hivi."

"Unajuaje?"

"Fundi viatu anaupaka uzi nta kabla ya kuutumia. Bila nta, mvua moja tu na kiatu kinacheka. Huu uzi mkavu, umechanua manyoya. Wala fundi viatu hafungi fundo mwanzoni, fundo linaumiza mguu." Sauti yake ilianza kwenda mbio. "Mama, nani aliulizwa haya? Walimfunga kwa sababu anashona, wala hawakutazama anashonaje!"

"Hilo litamsaidia wakili," mkemia akasema kwa huruma. "Lakini mashine yangu haisomi nta."

Fundi hakumsikia. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba, akatoa sindano na kijipande cha uzi, kwa maana fundi hatoki nyumbani bila sindano. Akatia ncha ya uzi kinywani, akaichonga kwa midomo, akaipenyeza kwenye tundu, akavuta mpaka ncha mbili zikakutana. Akalowesha kidole, akazisokota pamoja, akakaza.

"Hivi ndivyo uzi wa mara mbili unavyofungwa," akasema. "Sasa niambie. Ile ncha niliyoitia mate iko wapi?"

Mkemia alilitazama fundo. Alivaa miwani, akalitazama tena.

"Ndani," akasema.

"Ndani. Na fundo likishakazwa, vumbi haliingii. Mkono wa mpakiaji hauingii, wala wa karani."

"Ee Mungu wangu." Mkemia alisimama, akaketi, akasimama tena. "Na sisi mwaka mzima tunapangusa gunia kwa nje, kama watu wanaoosha sufuria upande wa masizi!"

Hapo ndipo macho ya mtoto yalipofika. Fundi aliona kwamba kwenye fundo la kwanza palikuwa na kitu kingine kimebanwa, kipande cha kitambaa cha buluu kisichozidi ukucha. Uzi ulikuwa umekitoboa. Kilikuwa pindo la gauni, na pindo lile alilijua. Alilikunja yeye mwenyewe, wiki moja kabla, kazi yake ya kwanza maishani, baba akimshika mkono, mishono ilikuwa imelewa, mmoja huku mmoja kule, na mama yake alilivaa hivyo hivyo kwa kujidai, akimwambia kila mtu njiani, "Hili limeshonwa na binti yangu."

Alilia pale pale maabara. Mkemia akamwacha alie, akampa kikombe cha maji, kisha akaenda kumwasha kitinda mimba wake.

Baba aliitwa akatoa mate ya kulinganishia, na wiki mbili zilipita. Nyumbani baba hakuuliza lolote. Siku simu ilipolia, Fundi aliipokea akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, na baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, amebana kiatu katikati ya magoti ili soli ishike.

"Mwanamume mmoja," mkemia akasema, bila hata salamu. "Yuko peke yake, safi kabisa, hakuna kelele ya soko. Na si baba yako. Umenisikia? Si baba yako."

Fundi aliyarudia maneno hayo kwa sauti. Baba aliinamisha kichwa, lakini mikono yake haikuachia kiatu.

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Ngoja gundi ishike."

Alikaa hivyo dakika nzima, akikibana, kifua kikipanda na kushuka. Halafu akakiweka kiatu chini kwa uangalifu, kiko imara, akajifunika uso kwa aproni yake.

Mpelelezi aliyekabidhiwa jalada hilo hakuwa mtu wa maneno mengi. Aligundua kwamba sindano za magunia za ghala lile zilikuwa zikifungiwa kabatini, na watu waliokuwa na ufunguo ni wanne. Mmoja alikwisha kufa. Watatu wakaitwa watoe mate. Mizani, ambaye sasa alikuwa mzee wa kualikwa kukata utepe kwenye shughuli za shule, alikuja na suti ya kijivu, akafungua kinywa kama aliye kwa daktari wa meno.

"Chukueni tu," akatania. "Mate hayana mwisho."

Siku sita baadaye mate yake yalilingana na ya fundo, na askari walimkuta bustanini mwake akimwagilia maua. Mpira wa maji ulibaki ukitiririka peke yake. Na alipoonekana ameshikwa, ndipo ndimi zilipofunguka. Mchukuzi mmoja mstaafu wa ghala alikwenda mwenyewe kwa mpelelezi akaeleza kilichokuwa kikimkaba koo tangu ujana wake: Mizani alikuwa akiosha mahindi ya mbegu, yale yanayopakwa dawa ya wadudu mpaka yanakuwa mekundu, akiyachanganya na mahindi ya chakula. Mama yule mchambuaji aliona maji mekundu yakitoka mferejini. Akamwambia msimamizi wake mbele ya watu, "Haya yataua watoto. Kesho naenda kusema." Kesho hiyo hakuiona.

Mahakama ilijaa siku Fundi alipopanda kizimbani kutoa ushahidi. Benchi la mbele aliketi baba yake peke yake, kofia mapajani. Pembeni mwake palibaki nafasi ya watu wanne, na hakuna aliyekaa. Mama mdogo alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, mgongo umenyooka kama rula.

Utetezi wa Mizani ulikuwa rahisi, na ulikuwa mzuri. Yeye alishona magunia kwa maelfu, ilikuwa kazi yake. Hilo nalo alilishona siku moja, likiwa na mahindi. Muuaji akaliokota. Mate yake kwenye uzi ni ajabu gani?

Wakili wake, kijana nadhifu mwenye sauti ya redio, alimwinukia Fundi akitabasamu.

"Wewe ni mtaalamu wa vinasaba?"

"Hapana. Nashona nguo."

"Unashona nguo. Mafundi nguo mnasifika kwa kusema kweli, sivyo?" Watu wakacheka, na wawili watatu kati yao walikuwa wateja wake.

"Kuhusu siku ya kuchukua nguo, tunasema uongo," Fundi akajibu. "Kuhusu mshono, hapana."

Kicheko kikageuka upande. Hata jaji akajifuta mdomo kwa leso.

Wakili akaacha kutabasamu. "Unaiambia mahakama kwamba kila mtu hutia uzi mate. Umewaona watu wote duniani? Mimi nikiamua kutunga uzi mkavu, nani atanizuia?"

"Hakuna. Mheshimiwa Jaji, naomba ruhusa wakili ajaribu."

Jaji alimtazama wakili juu ya miwani. "Umeuliza mwenyewe," akasema.

Wakampa sindano ya gunia na uzi wa pamba wa aina ile ile, ncha imechanua. Akajaribu mara ya kwanza. Nyuzi mbili ziliingia, mbili zikabaki nje. Akajaribu ya pili. Watu wakanyoosha shingo. Ya tatu uzi ulijikunja kando ya tundu. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye lile tundu, mkono wake ukafanya kama mikono yote inavyofanya. Akapeleka uzi kinywani.

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alipiga makofi, karani akalazimika kusimama kuomba utulivu, na wakili akabaki na uzi umetoka mdomoni kama kuku aliyemeza mnyoo nusu. Mizani peke yake hakucheka.

Kelele zilipotulia, jaji mwenyewe akauliza.

"Tuseme mate ni ya mshtakiwa. Bado amesema alilishona gunia likiwa na mahindi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Naomba picha ya fundo la kwanza." Picha ikawekwa ukutani, kubwa. "Uzi ukiwa na fundo mwisho, fundo ndilo linalouzuia usipite. Tazama lilipokaa. Halikukaa juu ya gunia. Limekaa juu ya kitambaa hiki cha buluu. Sindano ilipita kwenye kitambaa kwanza, ndipo ikaingia kwenye gunia. Ukilifungua fundo hili, mshono wote unafumuka. Hakuna aliyeshona kabla yake." Akaelekeza kidole ukutani. "Kitambaa hicho ni pindo la gauni la mama yangu. Nalijua, nililishona mimi."

"Unamaanisha kwamba aliyefunga fundo hili..."

"Alilifunga mama yangu akiwa ndani, Mheshimiwa. Hakuna mahindi hapo."

Zikasikika hatua. Mama mdogo alikuwa ameinuka kutoka benchi la nyuma, na alikuja katikati ya ukumbi taratibu, mkoba ameukumbatia, mbele ya jaji na mawakili na wote, wala askari wa mlangoni hakuthubutu kumzuia. Akafika benchi la mbele.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ya ualimu ilikuwa imekatika. "Sogea nikae."

Baba alisogea, ijapokuwa nafasi ilikuwa tele. Mama mdogo akaketi bega kwa bega naye. Baadaye Fundi, kutoka kizimbani, aliona mkono wa mama mdogo umeshika mkono wa baba yake uliokuwa na kofia, vidole vyote vimekazwa.

Mizani alipatikana na hatia siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Hukumu ilisomwa kwa saa mbili, na jaji alipotaja fundo alilitaja kwa heshima, kama mtu anayemtaja shahidi. Mkemia alikuwapo. Alimkumbatia Fundi nje kwenye ngazi akamwambia kwamba kuna majalada mengine kumi na saba kwenye kabati lake yenye kamba, vifungo na mishono, na je, anaweza kuja mara moja kwa mwezi awafundishe vijana wa maabara namna ya kutazama? Fundi akakubali. Kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja ilikuwa kifungo cha koti, na kilisema yote. Lakini hicho kina watu wake na kilio chake.

Mwezi uliofuata mahakama ya juu ilifuta hatia ya baba. Karatasi ililetwa dukani na tarishi, ina muhuri mwekundu, na baba akatia sahihi ya kuipokea. Kufikia alasiri uani kwa mama mdogo palikuwa pamejaa: majirani, wateja, watu waliokuwa wakivuka barabara wamkwepe baba. Mama mdogo alikuwa amevuta meza nje, ameshona kitambaa kipya cha meza au tuseme amemwamuru Fundi ashone, na safari hii kilikuwa tayari siku ile ile. Alimsimamisha shemeji yake juu ya kigoda.

"Soma," akamwambia. "Soma wote wasikie."

Baba alivaa miwani akasoma. Alisoma polepole, kila neno la kisheria alilikanyaga mpaka mwisho: mrufani, shauri, kwa kuzingatia ushahidi wa vinasaba. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza matokeo ya mpira. Alipofika pale palipoandikwa hana hatia, na hakuwahi kuwa na hatia, alisita, akarudia kipande hicho kwa sauti kubwa zaidi, na uani pakawa vigelegele, mikono, na watu kushikana mabega. Wanaume wawili walimnyanyua na kigoda chake.

Walipomrudisha chini, lango likalia. Akaingia jirani mmoja anatweta, viatu vina tope.

"Nimekosa nini?" akauliza. "Amefika wapi?"

"Umekosa yote," mama mdogo akasema, akimfuta shemeji yake machozi kwa ncha ya kitambaa cha meza kipya. "Shemeji, huyu amechelewa. Anza mwanzo."

Baba akaikunjua karatasi, akaanza mwanzo.